Australia: Waaborijini wanaulizwa jela ijengwe namna gani, lakini si nani atakayeingia ndani

Katika muji wa Derby, kaskazini-magharibi mwa Australia, kuna jela ambayo mgeni akiiona kwa mara ya kwanza anaweza kufikiri ni mtaa mdogo wa watu. Ndani kuna nyumba nyumba, na wafungwa wanaishi humo kwa vikundi, wanajipikia chakula, wanafua nguo zao wenyewe. Mibuyu iliyokuwa pale haikukatwa, imeachwa isimame kati ya majengo. Uzio upo, walinzi wapo, na hakuna anayetoka bila ruhusa. Lakini wakati wa kumpangia mtu nyumba, wakubwa wa jela hawaangalii uzito wa kosa lake peke yake. Wanaangalia pia jamaa yake ni nani na anasema lugha gani.

Jela hiyo inaitwa West Kimberley Regional Prison. Ilifunguliwa munamo mwezi wa 11 mwaka wa 2012, na ilijengwa kwa ajili ya wafungwa 150 hivi, wanaume na wanawake. Wengi wao ni Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, waliokaa katika inchi hiyo miaka elfu na maelfu kabla ya Waingereza kufika munamo mwaka wa 1788. Mbele ya kuchora plani, serkali ya jimbo la Western Australia ilikubali kuketi na Waaborijini wa Kimberley na kuwauliza: jela ya watu wenu iwe namna gani?

Mtu anaweza kusema hilo ni swali la ajabu. Jela ni jela, kuta na kufuli, wazee wa kijiji watajua nini juu ya jela? Jibu linaonekana haraka ukiangalia mambo madogo ambayo afisa wa jela aliyesomea Perth hawezi kuyajua. Kwa Waaborijini wengi, mwanaume na mama mkwe wake hawaruhusiwi kusemezana wala kutazamana uso kwa uso. Kuna jamaa wengine pia wanaopaswa kuepukana namna hiyo hiyo. Sasa weka watu wawili wa namna hiyo katika chumba kimoja, usiku na mchana, miezi sita. Mlinzi ataona mfungwa anayekataa amri na kugeukia ukuta, ataandika kosa katika kitabu. Kumbe yule anajaribu tu kushika heshima. Huku kwetu tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa, maana mkwe hata kwetu hapitiwi karibu hivi hivi.

Jambo lingine ni kilio. Mfungwa anapata habari kwamba mama yake amekufa, anaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Afisa anafungua dosie, anaona kwamba mama ya mfungwa huyo alikufa miaka kumi iliyopita. Basi anakatalia, na anamwona mfungwa kuwa mwongo. Aliyekufa ni mama mdogo, ndugu wa mama yake, na kwa Waaborijini huyo ni mama kabisa. Msomaji wa Bukavu au Uvira hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini katika ofisi za jela za Australia ilihitaji tume nzima kuandika jambo hilo kwenye karatasi, kwamba jamaa ya Mwaborijini haiishii kwa baba, mama na watoto, na kwamba maombi ya kwenda kwenye maziko yasikilizwe kwa kuzingatia hilo. Ni pendekezo la 171 kati ya mapendekezo 339.

Mapendekezo hayo yalitoka kwa Tume ya Kifalme iliyochunguza vifo vya Waaborijini mikononi mwa polisi na katika jela. Ilianza munamo mwaka wa 1987, ikamaliza kazi munamo mwaka wa 1991. Haikuundwa kwa sababu serkali ilijisikia tu kufanya hivyo. Familia zilikuwa zimelia miaka mingi, zaidi sana baada ya kijana wa miaka 16 kufa katika kasho ya polisi huko Roebourne, Western Australia, munamo mwaka wa 1983. Mama na dada za waliokufa walizunguka inchi nzima wakidai majibu.

Tume ilichunguza vifo 99 vilivyotokea kati ya mwaka wa 1980 na katikati ya mwaka wa 1989. Watu 63 walikufa mikononi mwa polisi, 33 katika jela, na 3 katika vituo vya kufungia watoto. Wanaume walikuwa 88, wanawake 11. Tume ilifuata maisha ya kila mmoja, tangu kuzaliwa hadi kifo, na ikakuta kwamba 43 kati yao walikuwa wametenganishwa na wazazi wao wangali watoto, kwa nguvu za serkali au za mashirika ya dini na shule.

Kuna jibu moja la tume hiyo ambalo watu wengi hawakulitazamia, na mpaka leo linasahauliwa. Tume ilisema kwamba Mwaborijini aliyefungwa hafi haraka kuliko mzungu aliyefungwa. Wanakufa wengi kwa sababu wanafungwa wengi. Familia nyingine hazikuridhika, maana tume haikumtia hatiani polisi wala mlinzi yeyote kwa kuua kwa kusudi, hata kama iliandika wazi kwamba watu waliachwa bila kuangaliwa, bila daktari, bila mtu kupita kuona kama bado wanapumua. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa sawa. Ukitaka vifo vipungue, unaweza kurekebisha kasho, kuondoa mahali ambapo mtu anaweza kujidhuru, kufundisha walinzi. Hayo yote ni mema. Dawa kubwa ni kutofunga watu ovyo. Ndiyo maana tume iliomba jela iwe hatua ya mwisho kabisa.

Na ndiyo maana pia iliandika pendekezo la 188. Linasema serkali zijadiliane na mashirika na jamii za Waaborijini ili kukubaliana njia zitakazofuatwa, kusudi haki yao ya kujiamulia mambo ishikwe katika kupanga na kutekeleza siasa au programu yoyote inayowahusu. Sio kuja na karatasi iliyokwisha andikwa na kuomba maoni. Tofauti ya mambo hayo mawili inajulikana na kila mtu aliyewahi kuitwa kwenye barza ambako viongozi walishaamua jana yake. Unaketi, unasema, katibu anaandika jina lako katika orodha ya waliohudhuria, na orodha hiyo ndiyo inageuka kuwa ushahidi kwamba ulikubali.

Kwa watu wa Kimberley, jambo lililouma kupita yote ni umbali. Kabla ya jela ya Derby, wengi waliohukumiwa vifungo virefu walikuwa wakipelekwa hadi Perth, zaidi ya kilomita 2,000 kusini. Ni mbali kupita kutoka Goma hadi Kinshasa. Nani atamtembelea mfungwa huko? Bibi yake hana feza za ndege, watoto wanakua bila kumwona. Na kwa Mwaborijini, inchi ya mababu si mahali pa kulala tu. Mtu akitolewa katika inchi yake anajiona amekatwa kiungo. Tume ilikuwa imeomba katika pendekezo la 168 kwamba mfungwa awekwe karibu na jamaa yake kila inapowezekana. Iliwachukua miaka 21 kufikia kujenga jela moja ya Derby.

Wazee wa Western Australia walikuwa na sababu yao ya kuogopa kupelekwa mbali. Karibu na pwani ya Perth kuna kisiwa ambacho wazungu wanakiita Rottnest, na Wanoongar wanakiita Wadjemup. Kuanzia mwaka wa 1838 hadi mwaka wa 1931 kilikuwa jela ya Waaborijini. Wanaume na vijana karibu 4,000 walipelekwa pale wakiwa wamefungwa minyororo, wengine kutoka huko huko Kimberley, na wasiopungua 373 walikufa na kuzikwa katika makaburi yasiyo na alama. Baadaye kisiwa kikawa mahali pa likizo. Kwa miaka mingi watalii walipiga mahema juu ya makaburi hayo, na jengo la jela likageuzwa hoteli. Hayo nayo yalifanyika bila kumuuliza mtu.

Pale ambapo mashauriano yalizaa kitu chenye nguvu ya sheria, faida inaonekana. Mfano ulio rahisi ni simu. Katika jimbo la New South Wales, tangu mwaka wa 2000, polisi akimkamata Mwaborijini analazimishwa kupiga simu kwa shirika la maavoka wa Waaborijini, saa yoyote ya usiku. Avoka anazungumza na aliyekamatwa, anamuuliza kama ameumia, kama anakunywa dawa fulani, kama ana mawazo ya kujidhuru, kama kuna mtoto aliyebaki peke yake nyumbani. Kisha anamwambia polisi yaliyo ya lazima. Ni kazi ya dakika chache, na gharama yake ni ndogo. Miaka ilipita bila Mwaborijini kufa katika kasho za polisi za jimbo hilo. Halafu munamo mwaka wa 2016 mwanamke mmoja akafa. Alikuwa amechukuliwa kwa sababu alionekana amelewa, hakushitakiwa kosa, na polisi hawakupiga simu. Sheria ilikuwa na tundu dogo, na kifo kilipita pale pale.

Western Australia, jimbo lenye Derby, halikuwa na simu hiyo. Munamo mwaka wa 2014, mwanamke wa miaka 22 alifungwa katika kasho ya South Hedland kwa sababu hakulipa amande. Alilalamika kwamba anaumwa. Polisi walifikiri anajifanya. Alikufa siku ya tatu, na mwili wake ulikuwa umejaa maambukizo. Simu ilianza kutumika katika jimbo hilo munamo mwaka wa 2019, na sheria ya kufunga watu juu ya amande ilibadilishwa munamo mwaka wa 2020. Mapendekezo juu ya kujulisha maavoka yalikuwa kwenye karatasi tangu mwaka wa 1991.

Katika jimbo hilo hilo, munamo Januari 2008, mzee mmoja wa Wangaanyatjarra alikamatwa Laverton kwa kuendesha gari akiwa amelewa. Kesho yake walimtia nyuma ya gari la wafungwa lililoendeshwa na kampuni ya kibinafsi, wampeleke Kalgoorlie, kilomita 360 hivi kupitia jangwa. Nje joto lilipita digrii 40. Mashine ya kupoza hewa upande wa mfungwa ilikuwa imekufa. Alifika akiwa amezimia, na ngozi yake ilikuwa imeungua pale ilipogusa bati ya sakafu. Alikufa kwa joto. Jina lake la kwanza silitaji hapa, maana watu wake, kama Waaborijini wengi, hawataji jina la marehemu.

Juu ya kisa hicho mtu anaweza kuuliza: mashauriano yangesaidia nini? Gari bovu ni gari bovu. Lakini muulize mtu wa jangwa kama inawezekana kumsafirisha mtu mchana mwezi wa Januari ndani ya sanduku la chuma, atakujibu hata kabla hujamaliza swali. Kuanzia mwaka wa 2000 jimbo hilo lilikuwa na ofisi ya mkaguzi wa jela isiyokuwa chini ya amri ya wakubwa wa jela, ya kwanza ya namna hiyo katika inchi nzima. Ofisi hiyo ilitoa munamo mwaka wa 2008 kanuni za ukaguzi zinazohusu wafungwa Waaborijini peke yao. Wakaguzi wakifika mahali hawahesabu vitanda tu. Wanauliza kama mfungwa anaweza kuzungumza na watu wake, kama kuna mkalimani wa lugha yake, kama anaweza kuzika wafu wake.

Upande wa kusini-mashariki, jimbo la Victoria lilichukua njia nyingine. Munamo mwaka wa 2000 serkali na wawakilishi wa Waaborijini walitia sahihi mapatano juu ya mambo ya haki na jela, na mapatano hayo yamekuwa yakiandikwa upya kila baada ya miaka. Mawaziri, wakubwa wa polisi na wa jela wanalazimika kuketi mara kwa mara na wawakilishi wa jamii mbele ya watu na kujibu. Kuanzia mwaka wa 2002 kuna pia tribinali ambako wazee wanaketi karibu na hakimu na kumsemesha mshitakiwa uso kwa uso. Hakimu ndiye anayetoa hukumu, lakini waliowahi kupita pale wanasema kukemewa na nyanya anayemjua mama yako ni kitu kingine.

Basi Victoria ilikuwa na mashauriano bora kuliko karibu majimbo yote. Hata hivyo, baada ya mtu mmoja kuua watu kwa gari katikati ya Melbourne munamo Januari 2017, wanasiasa walikaza sheria juu ya kuachiliwa kwa muda kabla ya hukumu. Yule muuaji hakuwa Mwaborijini. Lakini waliojaza jela baadaye walikuwa pia wanawake Waaborijini walioshitakiwa wizi mdogo wa dukani. Mmoja wao alikufa katika chumba chake munamo Januari 2020, akiwa mgonjwa, baada ya kubonyeza kengele mara nyingi usiku. Hakimu aliyechunguza kifo chake alisema munamo mwaka wa 2023 kwamba mabadiliko yale ya sheria yalikuwa balaa kabisa. Sheria ikalegezwa munamo Machi 2024. Mwaka uliofuata, watu walipolalamika juu ya wezi wa vijana, ikakazwa tena.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa wenyewe. Waaborijini wanaalikwa kusema juu ya rangi ya ukuta, juu ya jiko, juu ya mibuyu. Inapofika saa ya kuamua nani atafungwa na kwa kosa gani, uchaguzi ndio unaoamua. Katika Northern Territory, umri wa mtoto kuweza kushitakiwa ulipandishwa kutoka miaka 10 hadi 12 munamo mwaka wa 2023, jambo ambalo mashirika ya Waaborijini yaliliomba muda mrefu. Chama kingine kikashinda uchaguzi wa Agosti 2024, na kabla ya mwaka kuisha umri ukarudishwa kwenye 10. Karibu watoto wote wanaofungwa katika jimbo hilo ni Waaborijini.

Hesabu za inchi nzima zinasema hivi. Wakati tume ilipomaliza kazi munamo mwaka wa 1991, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait walikuwa asilimia 14 ya wafungwa wa Australia. Munamo Juni 2023 walikuwa asilimia 33, ingawa kati ya wakaaji wote wa inchi hawafikii hata asilimia 4. Waliokufa mikononi mwa serkali tangu mwaka wa 1991 wamepita 500.

Serkali haikukaa kimya. Munamo Julai 2020, serkali ya shirikisho na za majimbo zilitia sahihi mapatano na muungano wa mashirika ya Waaborijini. Jambo la kwanza katika mapatano hayo ni kuamua pamoja, na moja ya malengo ni kupunguza kiwango cha watu wazima wanaofungwa kwa asilimia 15 kufikia mwaka wa 2031. Munamo Februari 2024, tume ya serkali yenyewe ilichunguza na ikakuta kwamba ofisi nyingi zinaendelea kutumika kama zamani. Miezi minne mbele, Oktoba 2023, raia walikuwa wamepiga kura ya maoni juu ya kuandika katika katiba chombo cha Waaborijini cha kushauri bunge. Asilimia 60 hivi walikataa.

Kanada, ambayo pia ina wenyeji wa asili wengi katika jela zake, ilienda mbali zaidi kwenye karatasi. Sheria yao ya jela ya mwaka wa 1992 inaruhusu serkali kupatana na jamii ya wenyeji ili jamii hiyo imchukue mfungwa na kumlinda yenyewe. Hapo si ushauri tena, ni mamlaka. Lakini mkaguzi wa jela wa Kanada alipohesabu munamo mwaka wa 2012, miaka 20 baadaye, alikuta vitanda 68 tu vya namna hiyo katika inchi nzima. Sheria ilitoa mlango, feza hazikufuata.

Wasomaji wetu watakumbuka kwamba Kongo pia ina sheria ya tarehe 15 Julai 2022 juu ya haki za Wambuti, Batwa na wengine wanaoitwa watu wa asili. Ni sheria changa, na wengi wa wale inaowahusu bado hawajaisikia ikisomwa katika lugha yao.

Munamo Oktoba 2022, wajumbe wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza mateso walifika Australia kutembelea jela na kasho, kwa sababu inchi hiyo iliridhia mapatano ya kuruhusu ukaguzi wa namna hiyo munamo mwaka wa 2017. Majimbo mawili, New South Wales na Queensland, yalikatalia wajumbe kuingia katika baadhi ya vituo. Wajumbe walisimamisha safari, na munamo Februari 2023 wakaifuta kabisa. Kule Derby, wafungwa wanaendelea kujipikia chakula cha jioni, kila nyumba na watu wake.